Tetea Mweusi Niliyemchinja Bure

Makame,

Wewe ni mjinga, na ujinga huo hukuupata kwangu. Salamu sikuletei. Ziko hapa nyumbani, ukizitaka njoo uzichukue mwenyewe. Kutoka huko mtaa wa Malindi ulikojificha kwa rafiki yako mpaka hapa Ng'ambo, mji mmoja huu, si safari ya kufungia mzigo.

Jana umekuja kuniaga, umesimama mlangoni na viatu miguuni kama mtu aliyetumwa kodi. "Shikamoo, Bibi." Marahaba, ingia. "Nna haraka, Bibi." Haraka ya nini, na meli ya Mombasa haiondoki mpaka kesho hii jioni? Mkeo yumo chumba cha ndani anakusikia, mwanao yumo mikononi mwake, na wewe unashika mwimo wa mlango unautazama kama unataka kuupiga randa. Nilipofungua kinywa tu kukwambia neno, ukageuka ukaupiga uchochoro mbio. Mguu wangu wa kulia ungekuwa mzima ningekufukuza mpaka Darajani, watu wakatazama, na ningefurahi.

Basi kwa kuwa husikii, utasoma. Barua hii anakuletea Bi Time, jirani yangu. Nimemwambia asiondoke mpaka akuone umefika mwisho wa waraka, nawe unamjua Bi Time. Hata ukijifungia msalani atakungoja mlangoni akikuimbia.

Herufi zangu ni hizi za chuo cha Kurani, na chuoni nilitolewa nilipovunja ungo, kwa hiyo mwandiko unakwenda kama jongoo. Soma pole pole. Usimpe mtu akusomee, humu mna mambo ya kwetu ya ndani.

Kama unatazamia nikwambie huko Mombasa ule wapi na ulale na nani, sikwambii. Nimekulea tangu mama yako alipotutangulia, hata kukaa ulikuwa hujui, ukiegemezwa kwenye mto. Leo una ndevu, una mke, una randa na misumeno yako. Ya kula na kulala utayajua mwenyewe. Nna neno moja tu la kukwambia, na neno lenyewe ni la kuku.

Usicheke. Nakuona unavyocheka.

Kuku wangu weusi wewe umezaliwa ukawakuta, ukadhani walikuwa hivi siku zote. Hawakuwa. Nilipoolewa na marehemu babu yako, mama yangu alinivusha kutoka Tumbatu na tenga moja, ndani yake jogoo na matetea mawili, weusi tii, miguu myeusi, na wakisimama juani manyoya yanatoa kijani kama mtu amewapaka mafuta. Watu wa mtaa walikuja kuwatazama kabla hawajaja kunitazama mimi bibi harusi. Nikawazalisha. Ikawa mzazi akijifungua Ng'ambo hii, kuku wa supu yake hutafutwa kwangu. Wengine wanawataka kwa mambo yao na waganga. Mimi siwaulizi, na wao hawanambii. Mtu akisema "kuku wa Bi Mize", kila mtu anajua ni rangi gani.

Na mimi sifa zile zikanipanda kichwani. Nilisema jogoo wa mtu hakanyagi uani kwangu. Nikapiga ua wa makuti mrefu kuliko mimi. Kaka nikampa dada, baba nikamwachia binti zake, kwao wao si haramu, na kila pora aliyetoka na unyoya mmoja wa rangi nyengine alikwenda chunguni siku ile ile. Babu yako akasema, "Mize, watu wanabadilishana majogoo, na wewe badilisha." Nikamwambia damu isichanganyike, rangi isiharibike. Nilijiona mjuzi. Yaweke hayo maneno, damu isichanganyike, nitayarudia huko chini na hutayapenda.

Ikawa siku moja tetea niliyempenda kuliko wote kaangua. Nikainua tenga. Sasa, kifaranga wa kuku mweusi hazaliwi mweusi mtupu, huja na tumbo jeupe na ncha za mbawa nyeupe, na asiyejua hudhani amepata chotara. Manyoya yakibadilika anakuwa mweusi wote. Hilo nalijua, ndiyo maana sikushituka mara moja nilipomwona mmoja katikati yao ana rangi ya maziwa yaliyoingia moshi. Nikasema atabadilika. Hakubadilika. Kila alivyoota mbawa ndivyo alivyozidi, mpaka akawa mweupe kama kanzu ya Ijumaa, anatembea nyuma ya mama yake mweusi na mtaa mzima unamwona.

Wakati ule Bi Time alikuwa na jogoo mweupe. Basi mimi nikahitaji ushahidi gani tena? Nikapanda juu ya kinu, nikatoa kichwa juu ya ua.

"Bi Time! Hebu toka nje!"

"Naam, Bi Mize. Kuna moto?"

"Jogoo wako mweupe kaingia uani kwangu."

"Jogoo wangu?"

"Kwani unao wangapi?"

"Sina hata huyo mmoja, shoga yangu. Tulimla Idi. Nawe nilikuletea paja lake, ukasema halina chumvi."

Walikuwako wanawake wanapita na ndoo zao kutoka bombani. Wakasimama. Ndoo kichwani, wamesimama.

"Basi aliingia kabla hamjamla," nikasema. "Mbegu ya jogoo hukaa tumboni."

"Tangu Idi? Yakhe, huyo tetea wako ni kuku au ni ghala?"

Makame, walicheka mpaka maji yakawamwagikia. Mimi nikashuka kinuni, nikaingia ndani, nikachukua kisu. Nikamchinja yule tetea. Yule yule niliyempenda. Kifaranga mweupe nikamfukuza, akaenda kujitia kwa Bi Time, na Bi Time akamlisha.

Jioni babu yako amekaa kwenye mkeka anakula, anageuza mfupa. "Huyu tetea kafanya nini? Alikuwa anataga vizuri."

"Kaniletea mweupe."

Akatafuna. Kisha akauliza, "Peke yake?"

Nikamwambia ale anyamaze. Akala, akanyamaza. Marehemu babu yako alikuwa mtu wa kunyamaza kwa namna ambayo inakukera zaidi kuliko maneno.

Sasa sikiliza. Yule tetea alikuwa na dada yake, wamezaliwa tenga moja. Dada naye akatamia, akaangua, na katikati ya vifaranga wake mweupe mwengine. Safari hii jogoo wa Bi Time yumo matumboni mwa watu tangu zamani, ghala au si ghala. Nikasema hapana, kuna jogoo mwengine anayeniendea kinyume. Nikajenga kibanda kwa mikono yangu, nikaziba kila tundu, nikamtia tetea na jogoo wangu mweusi, wao wawili tu. Mayai ya mwanzo tuliyala, tukayala mpaka babu yako akaanza kulalamika, ili kama ana mbegu ya mgeni iishe. Yaliyofuata ndiyo nikamwekea atamie. Nikangoja. Nikainua tenga.

Mweupe.

Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, na nazi sikuikuna. Nikamtazama jogoo. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama. Anatembea kifua mbele, anachakura, anaita wake zake kwenye punje ya mtama niliyompa mimi. Mtaa mzima tumegombana, nimegombana na Bi Time, nimemchinja tetea wa watu, na yeye jogoo hakuna aliyemuuliza kitu. Tetea nilimpa kisu na jogoo nikampa mtama.

Baada ya hapo nikawa nataka kujua tu, kwa hasira. Nikampeleka jogoo huyo Chukwani kwa somo yangu, ambaye alikuwa na matetea weusi wa asili nyengine kabisa. Alizaa nao mpaka wakachoka: weusi watupu, hakutoka mweupe hata mmoja. Kumbe jogoo peke yake haleti mweupe. Na yule kifaranga niliyemfukuza alikuwa amekua, tetea mweupe peee, nikamwazima kwa Bi Time nikampa jogoo mweusi wa asili ile ya Chukwani. Nilidhani nitapata madoadoa, nusu huku nusu huku, kama kanga. Wakatoka weusi wote! Mama yao mweupe na wao weusi tii. Nikasema basi, weupe umekufa. Nikawakuza, nikawaacha hao ndugu kwa ndugu wapandane. Mweupe akarudi.

Haukufa. Ulikuwa umekaa kimya chini ya manyoya meusi, na mwenye manyoya mwenyewe hajijui. Upande mmoja ukiwa nao, mweusi anaufunika, utapita kwa mtoto, utapita kwa mjukuu, hakuna atakayeona kitu. Ila ukitoka kwa jogoo, na kwa tetea ukatoka, ukakutana ndani ya yai moja, basi hapo hauna wa kuufunika tena. Na hata hapo si kila yai. Mara mmoja, mara wawili, mara hakuna. Wengine wanatoka weusi na wanakwenda nao kimya kimya tena. Mimi sikuambiwa haya na mtu. Yamenichukua miaka, na majirani wakinitazama ninavyobeba majogoo kwapani huku na huku kama mwenda wazimu.

Bi Time sikumtaka radhi. Nilimwambia amchukue tetea mweupe moja kwa moja, awe wake. Akampokea, akamgeuza, akamtazama chini ya mbawa, akasema, "Huyu ndiye yatima wa jogoo wangu?" Mpaka leo kila Idi ananiletea paja na kuniuliza kama lina chumvi. Huyo ndiye anayesimama mbele yako sasa hivi. Mpe kiti.

Sasa tuje kwako.

Mwanao alipozaliwa, mkunga alinyamaza. Zuwena akauliza, "Mbona kimya, kafa?" Nikamwambia hakufa, ni msichana, ni mzima. Nikampokea mimi. Ngozi yake nyeupe, nywele zake rangi ya ndevu za muhindi mbichi, na mlango ukifunguliwa anafumba macho, mwanga unamuumiza. Ni zeruzeru. Nalisema jina hilo kwa kuwa watu watalisema, na bora ulisikie kwangu kwanza. Ukaitwa. Ukachungulia. Ukasema, mkeo anakusikia, damu ya uzazi haijamkauka: "Kwetu hakuna mtu wa namna hii." Ukatoka.

Kwetu!

Kwenu wapi, mwana wewe? Baba yako nimemzaa mimi. Mama yake Zuwena nimemzaa mimi. Nyinyi ni watoto wa kaka na dada, mmecheza vumbi la ua mmoja, mmepigwa kwa ufagio mmoja. Kwenu ndiko kwao. Hakuna kwenu kwengine unakoweza kukimbilia ukasema kule ni kusafi, labda kwa marehemu mama yako, na mama yako hakukuzaa kwa ajili hiyo.

Nilikufuata uani, ukanambia, umenipa mgongo, "Bibi, barazani watanicheka." Hilo ndilo neno la kweli ulilosema siku ile, na sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimebeba maji ya moto. Nakujibu sasa. Watakucheka. Mimi walinicheka Ng'ambo nzima, na ndoo vichwani, na bado nipo, na wengi wa waliocheka wameshakuja kwangu kutaka kuku wa supu.

Najua na mengine wanayosema, usidhani sisikii kwa kuwa nakaa uani. Bombani wanasema Zuwena alikuwa akifua nguo kwa Wazungu huko Vuga. Alifua, kweli. Nyumba yenyewe haina mwanamme. Ina bibi mmoja wa Kizungu, mzee kuliko mimi, na paka wake. Sasa sijui wanamshuku bibi au wanamshuku paka. Na kama wewe nawe umelitia hilo kichwani hata kwa usiku mmoja, basi mtazame mwanao mguuni. Kile kidole chako cha pili kinachompanda mwenziwe, ulichokuwa ukilia kwa ajili yake ukivaa ndara mpya, anacho. Mguu wa kushoto, kama wako. Pua pia ni yako, maskini, imebonyea kama imekaliwa.

Jogoo mweusi na tetea mweusi, Makame. Nusu umeitoa wewe. Bila nusu yako mtoto huyu asingekuja hivi, hata Zuwena angefua nguo za Wazungu wote wa Unguja. Na wewe hukutazamwa na mtu. Unatembea Malindi kifua mbele, umepata kazi, unaagwa na marafiki, na msichana wa watu amelala humu ndani anatazama ukuta. Mimi kisu hicho nimekwisha kukishika mara moja, na ilikuwa kwa kuku. Sitakitazama tena kikishikwa na mjukuu wangu kwa mjukuu wangu.

Ngoja. Kuku kapanda juu ya waraka. Hiyo alama ya mguu ni yake, si herufi.

Naandika mambo mengine ambayo hata babu yako sikumwambia. Huko Tumbatu mama yangu alikuwa na kaka yake, Mjomba Juma. Alikuwa kama mwanao. Alikuwa akisuka madema ya kuvulia samaki, amekaa kivulini nyuma ya nyumba, jua likigeuka naye anahama na dema lake, anazunguka nyumba mpaka jioni. Madema yake yalikuwa hayavunjiki, wavuvi waliyagombania. Jua likipoa ndipo alitoka kwenda pwani, na kofia pana ya ukili aliyojisukia mwenyewe, pana hivi kwamba mimi nikitembea karibu yake tulikuwa sote wawili chini yake. Aliniita "mweusi wangu". "Mweusi wangu, niambie yule anayekuja kule ni nani, mimi simwoni." Nikawa macho yake. Alikuwa akinitania kwamba ananioa, na mimi nikisema sitaki mume anayehama na kivuli, na alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Alikufa kabla sijavunja ungo. Na watu wa mjini walipokuja kuniposa, mama alinambia, "Wakikuuliza kuna nani kwenu, mjomba usimtaje." Hawakuuliza, na mimi sikumtaja. Uongo sikusema. Lakini nimezaa, nimelea, nimezika, nimekaa na mume mmoja mpaka kifo kimemchukua, na jina la Mjomba Juma halikupata kutoka kinywani mwangu ndani ya nyumba hii. Mtu aliyenifunika kofia yake.

Ni moshi wa kuni unaonitoa machozi, usije ukajipa umuhimu.

Na nani aliyesema Makame amuoe Zuwena? Baba yako alitaka ukaoe Makunduchi. Mama yake Zuwena alikuwa na mposaji mwengine, kijana mzuri tu. Mimi ndiye niliyekaa katikati ya mkeka nikasema hapana, watoto wangu wasitawanyike, damu isichanganyike. Maneno yale yale! Kwa kuku nilikuwa nshayajua miaka, nshabeba majogoo mpaka Chukwani na kurudi, na kwa watu nisijue. Mwanamke mzima, mvi kichwa kizima, nimeuvunja ua wa makuti uani kisha nimekwenda kupiga mwengine ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikikumbuka nataka kujipiga kofi, ila mkono umeshika kalamu.

Basi ukitaka wa kumlaumu, huna haja ya kumtafuta Vuga. Nipo. Weupe umetoka kwangu, ukapita kwa baba yako, ukapita kwa shangazi yako, mkakutana wewe na Zuwena kwa amri yangu. Njoo unilaumu, mgongo wangu mpana. Lakini ukishamaliza kunilaumu, hebu nambie tunalaumiana kwa lipi. Mtoto ananyonya mpaka anahema. Analia kama mwadhini. Jana amenikamata kidole akakataa kukiachia, nikakaa naye hivyo mpaka wali ukaungua. Jua litamsumbua, hilo najua, na macho yake hayataona mbali. Na watoto wa mtaani watamwita majina. Atahitaji mtu wa kutembea karibu yake na kumwambia yule anayekuja kule ni nani. Mimi nna mguu mmoja na nusu, sitakuwapo kwa muda mrefu wa kutosha. Unanielewa au mpaka nichore picha?

Zuwena hajasema neno baya juu yako, nalo hilo linanikera. Mimi ningesema. Leo asubuhi nampa uji wake, ameniuliza, hata hakunitazama, "Bibi, nimpe jina mimi mwenyewe?" Nikamwambia anywe uji, mtoto ana baba wa kumpa jina. Nimesema hivyo, kwa kinywa hiki. Usinifanye muongo. Ya Mjomba Juma yananitosha.

Kesho ni siku ya saba. Unajua. Umeihesabu, ndiyo maana ulikwenda kuuliza kama kuna meli inayotangulia, usidhani sikuambiwa. Watu wanakuja asubuhi, mtoto ananyolewa nywele, anapewa jina. Mbuzi wa akika kafungwa kwenye mpapai, na kanga yangu niliyoanika keshaitafuna pindo. Adhana ya sikio lake mwanao amesomewa na mume wa Bi Time, mzee wa watu, sauti inatetemeka, kwa sababu babake alikuwa anakimbia uchochoroni. Hiyo imekwisha pita, hairudi. Ya kesho haijapita.

Mombasa nenda. Sikuzuii, kazi umeitafuta, na seremala hapa wamejaa. Lakini ukipanda meli bila ya kumpakata mwanao mbele ya watu, neno hutakuwa umesema, na mtaa mzima utakuwa umelisikia. Watamtazama Zuwena kama nilivyomtazama yule tetea. Na mtoto atakua akiwa na jina alilopewa na wanawake jikoni, huku kila mtu akijua kwa nini. Fedha utakayotuletea kutoka huko haitaliondoa hilo, na mimi nitaipokea kwa mkono wa kushoto.

Na wewe nawe, Makame. Hutasahau. Usifikiri utasahau kwa kuwa kuna bahari katikati. Mimi nilivuka bahari ndogo tu kutoka Tumbatu na nikadhani nimemwacha Mjomba Juma ng'ambo ile. Leo nimeinua kanga usoni mwa mtoto, na alikuwa ananingoja.

Bi Time keshavaa buibui, anagonga mwimo kwa ufunguo, anasema jua linakuchwa na mimi naandika msahafu. Naishia. Kuku nao wanataka kuingia bandani.

Kesho asubuhi toka huko mapema. Pita Darajani kwa yule mama anayeuza mikeka, mwambie akutafutie kofia ya ukili ndogo kuliko zote alizonazo, na kama hana ndogo lete kubwa, atakua nayo. Ukifika hapa vua viatu. Usije kwangu kuniamkia, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Nenda chumba cha ndani, na kabla hujamfunua mtoto uso, funga dirisha la upande wa jua. Mwambie Zuwena unalotaka kumwambia, sitasikiliza, nitakuwa napiga kelele na mbuzi. Kisha mtoke wote, umpakate wewe, kwa mikono yako, katikati ya uani, na wembe ukipita kichwani mwake awe mapajani mwako. Watakutazama. Watazame na wewe.

Hakuna aliyemchagulia jina, wala mimi sitachagua. Njoo nalo.